Grenda inatoa cheche kama pete baada ya kubadilisha kaboni: tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya mageti na madirisha hapa Morogoro. Grenda yangu ya inchi nne na nusu, wati 850, ilianza kukatakata, mara inawaka mara inazima. Nilipoifungua nikakuta kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka ya mota, zimeisha kabisa. Duka la jirani hawakuwa na saizi yake, wakaniuzia kubwa kidogo, nikazisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka zikaingia. Sasa inazunguka, lakini nikichungulia kwenye matundu ya hewa naona cheche zinaizunguka shaba yote kama pete ya moto, na kuna harufu ya kuungua. Mwenzangu anasema niisugue shaba kwa msasa mpaka ing'ae. Ni sahihi? Pia blenda ya nyumbani inatoa cheche kidogo za bluu. Mama watoto ameogopa, anataka tuitupe. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na la haraka: grenda hiyo iweke chini, usiikatie chuma tena mpaka uipime. Blenda msiitupe, nitaifikia.

Barua yako ina neno moja lililonisaidia kuliko yote, nalo ni "pete". Cheche zinazobaki pale kaboni inapogusa shaba, hata zikiwa nyingi, mara nyingi zinatokana na kaboni yenyewe: haijakaa vizuri, springi imelegea, au imekwama kwenye nyumba yake. Cheche zinazobebwa na shaba na kuizunguka komuteta nzima (lile duara la vipande vya shaba ambalo kaboni inaligusa) zinaelekeza kidole kwenye amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, yenye komuteta na koili za waya. Ama koili mojawapo imekatika, ama zimeshikana (waya zimegusana na umeme unapita njia ya mkato), ama vumbi la kaboni na la chuma limejaa kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba na kupitisha umeme mahali pasipostahili. Kwa hiyo una mambo mawili ya kuchunguza, na la kaboni ni jepesi, tulimalize kwanza.

Ili tuelewane, cheche kidogo kwenye mota ya namna hii ni kawaida. Kila kipande cha shaba kinapopita chini ya kaboni, umeme kwenye koili yake unalazimika kugeuza mwelekeo ndani ya muda mfupi mno. Diski ya grenda yako inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na mota yenyewe, kabla ya gia, inakwenda karibu mara tatu ya hapo. Umeme ulio ndani ya koili hauachi njia yake ghafla, kwa hiyo kipande kikiachana na kaboni kinaacha cheche. Ukiona cheche fupi, za bluu au manjano hafifu, upande mmoja wa kaboni tu, hiyo ni mota inayofanya kazi yake. Zikiwa ndefu, zikirukaruka, au zikiambatana na harufu, hapo pana ugonjwa.

Sasa kaboni ulizosugua sakafuni. Kupunguza kaboni kubwa iingie si dhambi, mafundi wengi tunafanya pale saizi inapokosekana, ila saruji haifai. Inaacha pande zikiwa na mgongo, na kaboni inapanda na kushuka kwa kukwama. Isugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo au kipande cha bati kilichonyooka, upande kwa upande, huku ukiijaribu. Ikiingia kwenye nyumba yake inatakiwa iteleze kwa uzito wake yenyewe bila kuyumba kushoto na kulia. Ikibana, inaning'inia na kuacha mwanya kati yake na shaba, na mwanya huo ndio cheche. Ikilegea sana, inagongagonga.

Angalia pia mkia wa waya wa shaba unaotoka kwenye kaboni. Kama uliukata au haukufungwa sawasawa, umeme wote unapita kwenye springi. Springi ikipata moto inalainika, msukumo unapungua, na cheche zinaongezeka kila siku. Bonyeza springi zote mbili kwa kidole na uzilinganishe. Kama moja ni dhaifu au imebadilika rangi kwa joto, badilisha zote.

Kaboni mpya, hata ikiwa ya saizi halisi, ina uso bapa wakati komuteta ni duara. Mpaka uso wake uchongwe ufuate ule mviringo, inagusa kwa sehemu ndogo tu. Zungushia komuteta msasa laini, upande wenye chenga ukiangalia nje, weka kaboni na springi zake, kisha zungusha amecha kwa mkono mpaka uso wa kaboni uwe na bonde linalofanana na shaba. Toa msasa, puliza vumbi lote (fanyia nje na ufunge pua, vumbi hili si zuri kwa mapafu), halafu iache mashine izunguke bila mzigo dakika kumi hivi kabla ya kuipa kazi. Na nikuombe jambo moja: kaboni si jiwe jeusi tu. Zipo ngumu na laini, zinazopitisha umeme vizuri na zinazopitisha kwa shida, na ya mota ya volti 12 ya gari haifai kwenye grenda ya volti 230. Saizi inaweza kulingana na mota ikafa bado.

Nije kwa mwenzako na msasa wake. Shaba ya komuteta iliyo na afya haing'ai. Ina ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, kama chokoleti, laini, inayofanana pande zote. Ngozi hiyo ndiyo inayoifanya kaboni iteleze bila kuila shaba. Ukiisugua mpaka iwe nyekundu inayomeremeta, umeondoa kinga, na kaboni zitalika haraka mpaka ijijenge tena. Kwa hiyo kabla hujagusa msasa, toa amecha, ipeleke kwenye mwanga na uisome.

Weusi uliotapakaa sawasawa unaofutika kwa kitambaa chenye spiriti ni uchafu tu. Michirizi inayozunguka inaonyesha kaboni ngumu au chenga za chuma, na kwa kuwa zako ziliisha kabisa, tazama vizuri, springi huenda iligusa shaba na kuichana. Bonde pale kaboni inapopita ni dalili ya uzee. Lakini ninachotaka ukitafute hasa ni vipande viwili vinavyopakana vilivyoungua, kingo zake zimeliwa, weusi wake haufutiki, na vingine vyote vizima. Alama hiyo ukiiona, koili iliyo kati ya vipande hivyo imekatika au imeachia pale ilipochomelewa kwenye shaba. Hakuna msasa unaotibu hilo. Utaisugua leo, na ukiikatia chuma kidogo tu alama itarudi palepale.

Kama ni uchafu na michirizi midogo, tumia msasa laini wa namba 400 au zaidi, wa kioo. Ule mweusi wa kusugulia chuma uache, chenga zake zinajipachika kwenye shaba na mifereji. Kisha safisha mifereji kati ya vipande. Kipande cha blade ya msumeno wa chuma kilichonolewa kikawa chembamba kinafanya kazi nzuri. Maika, ile kinga iliyo kati ya shaba na shaba, inatakiwa iwe chini ya uso wa shaba kwa karibu nusu milimita. Ikilingana na shaba au ikiizidi, kaboni inarushwa kila inapopita juu yake. Bonde likiwa kubwa au komuteta ikiwa si duara kamili, mpelekee mtu wa mashine ya kukereza. Kwa mwendo wa mota hii, kasoro ndogo isiyoonekana kwa jicho inatosha kuirusha kaboni.

Sasa upimaji, ambao ndio utakaokata shauri. Weka maltimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, yaani ukinzani wa waya, kiwango cha 200. Gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi, hiyo utaitoa kwenye kila kipimo. Pima kipande cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, hivyo hivyo mpaka urudi ulipoanza, na uandike. Namba ziwe karibu sawa. Tofauti ndogo zinazojirudia kwa mpangilio si ubovu, koili za juu ni ndefu kidogo kuliko za chini. Jozi moja ikisoma juu sana kuliko wenzake, koili hiyo imekatika. Ikishuka karibu na sifuri, zimeshikana. Halafu weka kiwango cha juu kabisa cha omu, ncha moja kwenye shaba, nyingine kwenye chuma cha amecha. Isisome kitu. Ikisoma, umeme unavuja kwenye chuma, na hapo hatuzungumzii cheche tena, tunazungumzia usalama wako.

Maltimita za bei nafuu zinababaika kwenye omu ndogo kama hizi. Kama namba zinachezacheza, ipo njia ninayoiamini zaidi. Amecha ikiwa nje ya mashine, chukua betri ya volti 12 na balbu ya breki ya gari ya wati 21, viunge kwa mfululizo (umeme upite kwenye balbu kwanza), na upeleke umeme kwenye vipande viwili vya shaba vinavyotazamana. Balbu inazuia umeme usizidi. Sasa weka maltimita kwenye milivolti na upime jozi kwa jozi. Jozi nzima zinasoma karibu sawa. Iliyoshikana inaanguka. Kama koili imekatika, nusu nzima ya upande wake itasoma sifuri isipokuwa jozi moja itakayoruka juu, ndiyo yenyewe.

Amecha ikithibitika mbovu, una njia mbili, kununua mpya au kusukwa waya upya. Kwa grenda ndogo napendelea mpya ikipatikana. Ukisuka, muulize fundi kama aliweka alama ya mahali kila waya ulipoingia kwenye shaba kabla ya kuvunja. Waya zikihama kipande kimoja tu, mashine itazunguka, nguvu itakuwepo, lakini itatoa cheche maisha yake yote na utalaumu kaboni bure.

Kabla ya kufunga, zungusha beringi kwa vidole. Ya upande wa komuteta ndiyo inayokunywa vumbi. Ikikwaruza au ikicheza, amecha inatetemeka na kaboni haitulii, hata kila kitu kingine kikiwa kipya. Na kwa kazi yako ya mageti, puliza matundu kila jioni. Feni ya ndani inavuta chenga za chuma moja kwa moja juu ya shaba. Acha pia kuikandamiza: mashine ikipungua mlio kwa sababu ya kukandamizwa, inavuta umeme mwingi wakati feni yake imepunguza upepo, na koili zinapikwa. Ekstensheni ndefu ya waya mwembamba inaongeza tatizo hilohilo, kwa kuwa volti zinapungua njiani, mashine inakosa nguvu, nawe unazidi kukandamiza.

Jambo la karakana yako ambalo hukuniuliza: wakati wa kupiga rangi kwa tina (kile kimiminika cha kulainisha rangi), hakuna grenda wala drili inayowashwa humo ndani. Mvuke wa tina unawashwa hata na cheche zile ndogo za kawaida.

Blenda sasa. Mwambie mama watoto cheche za bluu zilizotulia kwenye kaboni hazina neno, hasa kama blenda bado mpya au mmebadilisha kaboni karibuni. Mtazame mambo mawili. La kwanza, maji chini ya jagi. Sili ikichoka, tui au juisi inashuka kwenye ekseli mpaka kwenye mota, inakauka na sukari yake, na kaboni inaganda kwenye nyumba yake. Kausha, safisha, badilisha sili. La pili, nazi iliyokatwa vipande vikubwa bila maji ya kutosha, au kuisagisha mfululizo mpaka kitako kiwe cha moto. Blenda nyingi za nyumbani zimeandikwa zizunguke dakika moja mpaka tatu kisha zipumzike. Kama ililetwa na ndugu kutoka Marekani au imetoka Japani, soma kibandiko cha chini: kule wanatumia volti 120 na 100, na ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma cheche zitakuwa kali na haitadumu.

Haya yote ni ya mota zenye kaboni. Feni ya dari au ya mezani ya kawaida, na friji, hazina kaboni. Zikitoa cheche, zima kwenye soketi au swichi kuu na umwite fundi siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kupima amecha, niandikie namba za jozi zote kwa mpangilio uliozipima, na uniambie kama kuna vipande viwili vilivyoungua. Hapo nitakwambia kama ununue amecha au usafishe tu na kuweka kaboni za saizi yake.