Kopo la udongo kando ya sinki

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mbwa wa msaada kwa mtoto mwenye ulemavu, je, ungemkubali nyumbani kwako?" Swali limenikuta jikoni na mbwa mwenyewe amelala chini ya meza, kidevu juu ya kiatu cha mwanangu. Jibu langu ni ndiyo. Na nilikusudia kuwaambia wote watakaosema hapana kwamba hawajawahi kutoka mbio usiku, bila viatu, kumtafuta mtoto ambaye hata umwite vipi haitiki.

Sisi ni watu wa Tanga, Ngamiani, ila tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka tisa, ana usonji (autism), hasemi. Shida kubwa ni kutoroka. Kitasa hakimshindi, na akishatoka hufuata maji: bwawa, mtaro, hata dimbwi la mvua. Wazazi wenzangu mnajua, usingizi wetu ni wa mang'amung'amu.

Mbwa wetu, Maple, tulimpata Xenia, mwendo wa saa moja hivi kutoka kwetu, kwenye shirika la 4 Paws for Ability ambalo tangu 1998 linafundisha mbwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, watoto hasa. Familia inachangisha sehemu ya gharama, inasubiri zamu yake, halafu inakwenda kufundishwa pamoja na mbwa. Maple anajua kufuata harufu ya mtoto akipotea. Anajua kutembea naye wakiwa wameunganishwa kwa mkanda, na akivutwa anaketi, haendi popote. Na mtoto akizidiwa na kelele, anamlalia miguuni kwa uzito wake wote mpaka atulie.

Sasa niwaeleze habari ya mama yangu, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike.

Alikuja kututembelea Januari. Usiku wa kwanza akauliza, "Mbwa ndani? Na malaika waingilie wapi?" Nikajitetea kama wakili. Nikamwambia huyu ni mfanyakazi, hafugwi kwa pambo. Kwamba Suratul Maida imewataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Kwamba 2008 huko Leicester, Uingereza, masheikh walitoa fatwa kijana asiyeona akaruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, mbwa akabaki sehemu yake ya kuingilia. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, mimi sijakuuliza hayo. Nauliza mate."

Alitaka udongo. Sisi ni Shafii: chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ohio Januari ardhi imeganda kama zege. Nikatoka nyuma ya nyumba na nyundo na bisibisi, nikapiga magoti kwenye theluji, nikawa nabandua vipande kama vya vigae. Nikavitia kwenye kopo tupu la maziwa, nikaliweka karibu na hita. Udongo ulipoyeyuka ukanuka majani yaliyooza. Mama akauanika kwenye sinia, akauchunga kwa chujio la chai, akaurudisha koponi na kulifunika. Kopo likakaa kando ya sinki miezi yote mitatu.

Akiosha alihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Wiki ya pili mwanangu akaanza kuja mwenyewe akisikia hesabu. Anasimama pembeni, hamwangalii bibi yake, anaangalia maji. Ikifika saba anaweka kiganja chini ya bomba. Siku nyingine mama alihesabu hata kwa bakuli ambalo Maple hakuligusa, ili tu mtoto aje.

Jumamosi moja tukaenda duka kubwa la vyakula, mama, mtoto, Maple na mimi. Foleni ya kulipia ilikuwa ndefu, mashine zinalia, na taa ya kaunta yetu ilikuwa inawaka na kuzima. Mtoto akaanguka chini, mikono masikioni, akipiga mayowe. Mama akafanya jambo ambalo sitalisahau: akasimama mbele yake akatandaza buibui kwa mikono yote miwili kama pazia. Alikuwa anamsitiri. Ametoka mahali ambapo mtoto akianguka hivyo watu wanajaa, mmoja anasema mashetani, mwingine anasema ni kudekezwa, wa tatu keshaleta maji ya kummwagia.

Nikampa Maple amri. Akajinyoosha juu ya mapaja ya mtoto, akatulia. Mama akageuza shingo kuutazama umati. Hakukuwa na umati. Mama mmoja nyuma yetu alihamia foleni nyingine bila neno. Mhudumu aliinua mkono akazima ile taa. Watu wakapita na vitoroli vyao wakatuachia nafasi. Zikapita dakika kumi na moja, nilitazama saa. Ilipofika zamu ya kulipa, mama akachukua kamba ya mbwa mwenyewe, ameviringisha ncha ya buibui mkononi. "Kikavu kwa kikavu, hakina neno," akasema.

Kwenye gari akaniuliza, "Wale watu, nani kawafundisha?"

Watu! Habari ya mbwa hakuuliza.

Nimelifikiria swali lake kuliko lenu, samahani mhariri. Maple huvaa kizibao chekundu chenye maandishi kwamba yuko kazini asiguswe. Kile kizibao kinawaambia watu kabla mimi sijafungua kinywa: huyu mtoto hana adabu mbaya, ana ulemavu, mpeni nafasi. Nyuma yake kuna sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Mwenye duka ana maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya nini. Cheti haruhusiwi kudai. Na hata hapa haikuja bure. Kule Michigan binti mwenye mtindio wa ubongo alizuiwa 2009 kuingia shuleni na mbwa wake, Wonder, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2017 majaji wake wote waliosikiliza waliitengua hukumu iliyokuwa imeifungia familia mlango, wakairudisha kesi itazamwe upya.

Hapo ndipo ndiyo yangu ilipoanza kulegea. Nilimwambia mama kwa simu kwamba Julai tunakuja Tanga na nataka Maple aje pia. Mama, yule wa kopo la udongo, akasema, "Usimlete. Watampiga mawe, na mtoto amefungwa naye kiunoni." Amesema kweli. Wala siwalaumu wanaorusha mawe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa, na kukizuia kunataka mbwa saba katika kila kumi wachanjwe. Anayemwogopa mbwa mtaani ana sababu. Tena maelfu ya dola ya kumfundisha mbwa mmoja, Tanga yangemlipa msaidizi wa darasani kwa miaka.

Basi kwa leo, kwa kwetu, nasema hapana. Nyumbani ndiyo, barabarani bado. Hapana hii iwe ya muda, na isimguse mzazi aliye na ua, chanjo na majirani wanaoelewa. Huyo ampate hata kesho, nami nitamchangia. Na waalimu wa mbwa watakapofika, wakute watu wameshafundishwa.

Maple tulimwacha kwa jirani. Tanga mama alisokota kanga, akafunga ncha moja kiunoni kwake na nyingine kiunoni kwa mjukuu, wakaenda soko la Mgandini, nami nyuma nimebeba kikapu. Mtoto akavuta, mama akasimama hapo hapo, hakwenda popote, vile vile kama Maple. Muuza samaki akasema kwa sauti, "Bibi, mbona umemfunga mtoto kama mbuzi?"

"Ana usonji," mama akamjibu. "Hajui hatari, na maji yanamwita."

Yule bwana akamtazama mtoto, akainama, akavuta ndoo yake ya maji akaisukuma chini ya meza.