Ukitaka mtu asome kitabu cha kuchu, msimulie kwanza

Juzi Ijumaa usiku nikapata meseji ya dada mmoja anayenisoma hapa, kwamba mdogo wake amemaliza kile kitabu cha kuchu nilichompa (kuchu ni watu wanaopenda wa jinsia yao, au ambao jinsia yao si ile waliyodhaniwa walipozaliwa) kwa siku mbili na anauliza kama kuna kingine. Nilikaa na simu mkononi nikalia, sikatai. Huyo mdogo ana miaka 17 na ni mtu wa kuficha mengi, na kwa maneno ya dadake hajamaliza kitabu chochote tangu darasa la nane. Nilimpa Pet ya Akwaeke Emezi, iliyotoka 2019. Humo kuna Jam, msichana ambaye alipozaliwa watu walidhani ni mvulana, akasema mwenyewe akiwa bado mdogo kwamba yeye ni msichana, wazazi wakamsikiliza, basi, yakaisha hapo. Hadithi yenyewe ni nyingine kabisa, tone la damu ya Jam linadondokea mchoro wa mamake na kiumbe cha ajabu kinatoka ndani ya ule mchoro kuja kuwinda jitu baya lililojificha kwenye nyumba ya rafiki yake. Jam hateseki kwa vile alivyo. Ndo maana nilimchagulia huyo.

Sasa wengi mnaniandikia mkiuliza nawezaje kupendekeza vitabu hivi bila kuzua vita, na najua mnanisoma kwa sababu mnataka nchi yenye wasomaji kama ninavyotaka mimi. Kusema kweli mwanzo nilishindwa vibaya sana.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa kwenye grupu moja la WhatsApp la wasomaji, watu kama sitini hivi, tunakutana mara moja kwa mwezi kwa chai. Nikaposti orodha ya vitabu ishirini vya sayansi ya kubuni na fantasia, juu yake nimeandika kwa herufi kubwa VITABU VYA KUCHU (wenyewe hujiita hivyo Uganda na hapa Kenya, na mi nalipenda neno hilo kuliko yale matusi ya mtaani). Kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimeshatolewa. Aliyenitoa tulikuwa tumekula naye sahani moja Idi iliyotangulia. Bado inaniuma nikiandika hapa. Ila kilichoniuma zaidi ni binti mmoja wa mlemle, alikuwa ameniandikia pembeni wiki moja kabla akiniomba kitabu, na baada ya siku hiyo hakunijibu tena. Nilimtisha. Niliweka jambo lake hadharani bila kumtaja, na watu wakaanza kutazamana nani ni nani.

Kilichonifundisha ni mamdogo wangu, kule Kisauni, Mombasa. Nilikuwa nimenunua The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin kwenye zile inama bookshop za Nairobi, vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini barabarani, shilingi 150, jalada limechanika. Ni kitabu cha 1969 na kilishinda Hugo na Nebula, tuzo kubwa mbili za fani hii. Sasa mamdogo anachagua mchele, uteo uko mapajani, akaniuliza nasoma nini siku nzima. Nikamwambia kuna sayari ya baridi kali, watu wake si wanaume wala wanawake, ila kila mwezi kuna siku chache mtu anageuka mmojawapo na hachagui, kwa hiyo aliyezaa watoto wawili anaweza kuwa baba wa wengine watatu, na kuna mfalme ana mimba. Mkono ukasimama juu ya mchele. Nikaendelea na wale wawili, Genly Ai na Estraven, wanavuta mkokoteni juu ya barafu karibu siku 80, hema moja, chakula kinaisha. Akauliza, "Sasa huyo Estraven ni mume au mke?" Nikamwambia, ni mtu tu mamdogo. Akafikiri. "Haya, endelea."

Halafu nikagundua kitu. Le Guin alilaumiwa miaka mingi kwa sababu kwa Kiingereza alimwita kila mtu wa sayari ile kwa neno la kiume, na baadaye mwenyewe akajutia. Ann Leckie naye kwenye Ancillary Justice, 2013, aliwaita wote kwa neno la kike na wasomaji wakashangaa dunia nzima. Sisi kwa Kiswahili tunasema akalia, akainuka, akampenda, mume au mke ni neno lilelile, imeisha! Nilisimulia saa nzima bila kukwama, lugha yetu ilishanitengenezea njia.

Kwa hiyo anza na hadithi. Usitangulize jina la kundi, tanguliza barafu, tanguliza mfalme. Na mjue unayempa, msome yeye kabla hujamsomea kitabu. Anayependa vita na mambo ya dunia kupasuka mpe The Fifth Season ya N.K. Jemisin, utatu ule ulichukua Hugo 2016, 2017 na 2018 mfululizo, na ndani ya hicho cha kwanza kuna kisiwa ambako watu watatu wanapendana nyumba moja kwa amani, ila mwambie mapema kwamba kuna watoto wanaokufa na kurasa hizo ni nzito. Usimfiche. Mtu aliyeumia nyumbani usimpe kitabu cha kumuumiza upya ukasema ni fasihi.

Na mpe kwa siri yake. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta kifungu cha 162 na cha 165 vya sheria ya jinai, vile vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na hata bila mahakama kuna baba, kuna mwenye nyumba, kuna wenzake shuleni. Kitabu si cha kumvua mtu nguo mbele za watu! Mkabidhi mkononi, nyamaza, ngoja. Akitaka kuongea ataongea, na asipotaka bado amesoma.

Mamdogo alinipigia Jumapili. Hata salamu hazijaisha akauliza yule mfalme mwenye mimba aliishia wapi. Nikamwambia nakuja wikendi na kitabu chenyewe.