Nyumba za gharama nafuu: zote zijengwe pembezoni?

SWALI: Niko kwenye kamati ya makazi ya jiji letu. Tumetengewa fedha za nyumba za gharama nafuu, na wajumbe wengi wanataka zote zijengwe pembezoni, ambako viwanja ni bei ya chini, ili zipatikane nyingi. Kuna hoja ya kitaalamu ya kuwapinga?

JIBU: Ipo, na inasikitisha kwamba swali hili bado linaulizwa kila mahali. Hesabu ya wajumbe wenzako inaishia siku ya kukabidhi funguo. Ya mpangaji inaanza kesho yake alfajiri: nauli ya kwenda na kurudi, saa zinazopotelea barabarani, shule iliyo mbali. Nauli ikimeza alichookoa kwenye pango, unafuu uko wapi? Jiji nalo litalazimika kupeleka huko maji, majitaka na barabara, gharama ambazo mara nyingi hazimo kwenye makadirio mnayosomewa.

Kinachonikera zaidi ni kuwarundika watu wa kipato cha chini mahali pamoja. Pruitt-Igoe, mradi wa nyumba za umma mjini St. Louis, Marekani, ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa. Matengenezo yalitegemea kodi ya wapangaji haohao. Walipopungua, fedha zikakauka, lifti na mabomba yakaharibika, wengine wakahama. Ubomoaji ulianza 1972, hata miaka 20 tangu yajengwe haijatimia. Lawama zikaangukia mchoro wa majengo!

Njia ya kuwatawanya ipo. Ufaransa, kwa Sheria ya SRU (ya mshikamano na uhuishaji wa miji) ya mwaka 2000, ilizitaka halmashauri nyingi za mijini zihakikishe asilimia 20 ya makazi yake ni nyumba za kijamii, yaani za kupangisha kwa bei nafuu, na mwaka 2013 kiwango kikapandishwa hadi 25 kwa sehemu kubwa yake. Isiyotimiza hukatwa fedha kila mwaka. Nanyi anzeni na ardhi ya umma iliyo katikati, kisha mrekebishe masharti ya mitaa inayoruhusu nyumba moja tu kwa kiwanja kikubwa. Masharti hayo huwazuia maskini bila kuwataja.

Na jihadharini na washauri wanaokuja na picha za kupendeza na ahadi ya maelfu ya nyumba kwa muda mfupi. Waulizeni nani atalipia paa baada ya miaka 20, na nini kitamzuia mnunuzi wa kwanza kuiuza nyumba kwa bei ya soko mwaka unaofuata. Wengi hawana jibu, maana watakuwa wameshalipwa na kuondoka. Majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba, na kiwanja chochote cha umma cha katikati ya jiji kisiuzwe kabla kamati haijayasoma.