Kuwa avalizeri wa mkopo wenye entere

SWALI: Asalaam alaykum, baba shehe. Mie niko nauzisha bitenge ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Shemeji yangu anataka kukopa dola 1,000 ku nyumba moja ya mikopo, ananiomba nikuwe avalizeri wake, yaani mdhamini. Karatasi iko kwa Kifaransa. Mutoto alinisomea maneno: entere, gaji, penalite, asiransi. Shemeji anasema entere si riba, ni malipo ya kazi yao tu. Katika dini ile maneno ni nini, na naweza kusinya, kuweka saini yangu?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Umefanya vema kuuliza kabla ya kusinya. Wengi hunijia wakati mdai ameshafika mlangoni.

Tuanze na entere, ile ziada inayodaiwa juu ya mkopo, maana yote mengine yananing'inia hapo. Riba katika mkopo ni ziada yoyote iliyowekwa sharti juu ya kile kilichokopwa. Shemeji akipokea 1,000 na karatasi inamtaka arudishe 1,120, zile 120 ni riba, ziitwe entere, ziitwe faida, ziitwe asante. Malipo ya kazi yapo kweli: karatasi, muhuri, mtu wa kuandika. Hayo wanazuoni wameyaruhusu kwa kadiri ya gharama yenyewe. Lakini kuandika karatasi ya dola 1,000 hakuchoshi mkono mara kumi zaidi ya ile ya dola 100. Ukiona malipo yanapanda kadiri makuta, yaani pesa, yanavyokuwa mengi, au miezi inavyoongezeka, hiyo si kazi inayolipwa. Ni muda unaouzwa.

Hapa mjini tunamlaani mtu wa "Banki Lambert", yule anayetoa 100 leo na kudai 150 mwisho wa mwezi. Ni haki kumlaani. Nashangaa tu kwamba watu hao hao wakiona asilimia 3 kwenye karatasi yenye muhuri, nyoyo zao zinatulia. Ukatili umepungua, hukumu ni ile ile.

Penalite ya kuchelewa ni ndugu yake. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakimwambia mdaiwa siku ya deni ikifika: unalipa, au unazidisha? Qur'ani ikajibu katika Sura ya 2, aya ya 280, kwamba mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi.

Gaji ni kitu kingine, usiichanganye na hayo. Ni rahani, nayo ni halali kwa aya ya 283 ya Sura hiyo hiyo. Mtume (s.a.w.) alifariki deraa yake, vazi lake la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri. Mwenye kushika gaji anailinda tu, haitumii kama faida ya mkopo wake. Wapo wanaokopesha kisha wakaingia kukaa bure katika nyumba ya mdaiwa mpaka alipwe. Kodi ile wasiyolipa ndiyo riba yao, hata kama hakuna aliyetamka neno entere.

Asiransi ya mkopo, kwamba shemeji akifa kampuni ilipe, ina utata. Unalipa kiasi kinachojulikana kwa jambo lisilojulikana, na hiyo ndiyo gharar, yaani biashara ya kubahatisha. Baraza la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lililokutana Jeddah Desemba 1985 liliizuia bima ya kibiashara na kuelekeza kwenye ile ya kusaidiana. Shehe Mustafa al-Zarqa aliona ile ya kibiashara inafaa, nami simfuati. Asiransi ya gari ni mlango mwingine: serikali yetu imeilazimisha tangu 1973, na anayelazimishwa hana dhambi.

Sasa aval, ambayo ndiyo inayokuhusu wewe. Kudhamini kwenyewe ni wema mkubwa. Ililetwa jeneza mbele ya Mtume, maiti akiwa na deni, akakataa kumswalia mpaka Abu Qatada aliposema: deni lake liko juu yangu. Lakini Mtume amesema pia kwamba mdhamini ni mlipaji. Nawaona watu wakisinya kana kwamba wanatoa ushuhuda wa tabia njema. Sivyo. Congo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria yake inataka mdhamini aandike kiasi kwa mkono wake, kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kuandika asindikizwe na mashahidi wawili. Tena dhamana huhesabiwa kuwa ya pamoja: shemeji akidaiwa rasmi asilipe, mdai anaweza kuja moja kwa moja kwenye bitenge vyako bila kumaliza kwanza mali ya shemeji.

Hiyo ni hasara ya dunia. Kuhusu dini, Jabir amepokea, na Imamu Muslim ameiandika katika Sahihi yake, kwamba Mtume alimlaani mla riba, anayeilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Ikiwa shahidi anayetazama tu ameguswa, mdhamini ambaye bila mkono wake mkopo hautoki yuko karibu zaidi. Kwa hiyo usisinye, mama.

Usimwache shemeji mikono mitupu, lakini. Muulize anataka makuta ya nini. Kama ni ya kununua bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zinunue wewe, zifike mikononi mwako, kisha umuuzie kwa deni kwa bei moja mtakayokubaliana. Bei hiyo inaweza kuwa juu ya ile ya kulipa papo hapo, na akichelewa haiongezeki hata franga moja. Au aingie katika likelemba, ambako kila mtu anatoa na kupokea kiasi kile kile kwa zamu. Mkiandika, wekeni mashahidi wawili, maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, 2:282, ni ya kuandika deni, na haikuwatoa mashemeji.

Wallahu a'lam.