Muulize Mwalimu: Theluji ya Mwanjelwa

Barua zimekuja nyingi baada ya toleo lililopita, zingine ndefu kuliko kurasa nilizopewa, nimechukua tatu. Wenye swali la mabweni na bumu nisameheni, hilo sio langu.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa tatu hapa Mbeya. Semista iliyopita tulipewa asaimenti ya kudizaini paa la ghala la mahindi, na desa (notsi) tuliyopewa ina mzigo wa theluji ndani, yani uzito wa theluji inayokaa juu ya paa. Theluji kabisa Mwalimu, na watu wakaweka na maksi wakapata. Nikauliza darasani hii theluji inaanguka wapi, Mwanjelwa au Uyole, wakacheka wote, lekchara akasema andika kama ilivyo ndo kiwango hicho. Jioni geto tukabishana mpaka saa sita. Mmoja anasema mtaala wote wa kikoloni, ufutwe tuanze na sayansi yetu, akatuonyesha ile video ya Afrika Kusini ya 2016. Mwingine anasema graviti haina kabila, tuache siasa tumalize chuo. Mi nimebaki katikati. Kuna kitu kinaitwa sayansi ya kikoloni au tunatafuta kisingizio cha sapu, ile mitihani ya marudio?*
Mwaka wa Tatu, Mbeya

Marahaba mwanangu. Hiyo video naijua, ilitoka Chuo Kikuu cha Cape Town mwezi wa kumi 2016, kwenye vuguvugu lililoanza mwaka mmoja nyuma kwa kudai sanamu ya Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, iondolewe pale chuoni, na ikaondolewa kweli Aprili 2015. Sasa kwenye kikao kimoja mwanafunzi akasema sayansi yote ifutwe ianze upya kwa jicho la Mwafrika, akatoa mfano wa watu wanaoamini unaweza kumtumia mtu radi, sayansi ya chuo inalielezaje hilo. Mitandaoni wakamcheka, na mimi nilicheka sitadanganya. Ila kwa kuchekea ile radi, swali lililokuwa chini yake likapotea, kwamba haya mnayofundishwa nani aliyachagua na wakati anachagua alikuwa anachungulia dirisha la wapi.

Wewe swali lako ni zuri kuliko la yule kwa sababu lina kitu cha kushika mkononi. Chuo chetu cha kwanza, pale Dar es Salaam, kilianza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kitivo cha uhandisi kikaja 1973, Wajerumani wakasaidia, lakini viwango vya kudizaini vilivyozoeleka vikabaki vya Mwingereza, vile vinavyoanza na BS, British Standard, BS hii na BS ile. Ile BS 8110 ya zege mpaka leo kuna madesa yanaitembeza wakati Waingereza wenyewe waliiweka kando 2010 wakahamia Eurocode, viwango vya pamoja vya Ulaya, yani mwenye nyumba kahama sisi bado tunafagia ua. Na hakuna mkoloni aliyekaa kikao kukuletea theluji, mtu kakopi kwa aliyemfundisha naye alikopi kwa wa kwake, na Ulaya theluji ni mzigo wa kweli, paa linaweza kukuangukia.

Sasa paa la Mbeya linapigwa na nini? Mvua ya mawe, hiyo kila mtu wa huku ameiona, inatoboa bati lililochoka na kuchana migomba inabaki kama ufagio. Upepo. Halafu maji, maana ukishuka Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, gata uliyoidizaini kwa kuangalia kitabu cha London ikizidiwa maji yanarudi ukutani. Hesabu ya kupata mzigo ni ile ile, Newton hajakukosea kitu, kinachobadilika ni namba unayoilisha ile hesabu, na namba ya huku lazima mtu wa huku akaipime. Hapo ndo tulipolala.

Na kwa kuwa umechekwa darasani acha nikupe kisa cha hapo jirani Iringa. Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, mwaka 1963, walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe ndo unaingiza kwenye friza. Siku hiyo nafasi kwenye friza ikawa ya kugombania, mwenzake mmoja akaingiza maziwa yake bila kuchemsha, Mpemba kuogopa kukosa nafasi akatia ya kwake yakiwa ya moto hivyo hivyo. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganya mambo. Akafika Mkwawa Iringa kwa masomo ya juu, wakafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio ya dunia nzima, na kuanzia hapo darasa zima kila mtu akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Fikiria jina lako linageuzwa kuwa kosa.

Siku moja akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo Dar kutoa mhadhara pale shuleni. Mpemba akanyoosha mkono, maji kipimo sawa, moja nyuzi 35 nyingine 100, kwa nini lile la 100 linatangulia kuganda. Wanafunzi wakacheka. Osborne akamwambia nitakwenda kupima, na akapima, yani alimpa fundi wa maabara kazi hiyo, yule fundi akarudi na ripoti kwamba kweli ya moto yametangulia ila tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi. Mi hapo kwa yule fundi huwa sijizuii, maana ndo sisi kabisa. 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education, na dunia nzima leo inaita athari ya Mpemba. Bado wanabishana inatokeaje na wapo wanaosema ukipima kwa umakini sana haionekani, sawa, wapime, ndo kazi yenyewe.

Angalia aliyesikiliza alikuwa Mwingereza. Kwa hiyo huyo mwenzako wa kufuta kila kitu mwambie tatizo halikai kwenye Newton wala kwenye ngozi ya mtu, yule mwalimu alikuwa na kanuni mkononi na friza ipo, kilichomshinda ni kuweka glasi mbili ndani asubiri. Na yule wa graviti haina kabila mwambie graviti haina ila silabasi inalo, imejaa mifano ya kwao, udongo wa kwao, baridi ya kwao.

Mwakani una projekti ya mwisho. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ukaombe rekodi za upepo na mvua ya mawe za Mbeya, halafu zunguka SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na mafundi wa mabati uwaulize bati la geji gani linatoboka na lipi linahimili. Lile la theluji kwenye mtihani we liandike tu, maksi ni maksi.

*Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa Mbinga, kijana wangu anasoma kilimo chuo, likizo hii kaja kanambia ngoro zangu ni kilimo cha zamani, hazimo kwenye vitabu vyao, nilime matuta ya kawaida kama wengine. Shamba langu liko mlimani hasa, ukidondosha kibuyu unakiokota mtoni. Nimsikilize?*
Mama wa Mbinga

Mama usivunje ngoro. Kijana mpende lakini jembe mnyang'anye.

Wasomaji wa Mbeya na Njombe ambao hamjawahi kuziona, ngoro ni mashimo ya kilimo ya Wamatengo, wenyeji wa milima ya Mbinga. Mvua zikielekea ukingoni unafyeka majani, yakinyauka unayapanga kwenye mteremko kwa mistari inayokatizana, inatokea miraba kama dirisha la nondo. Halafu unachimba udongo katikati ya kila mraba unafukia yale majani, ukimaliza una shimo katikati na tuta pande zote nne, na ndani ya tuta kuna majani yanaoza taratibu. Unapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga maji hayapati njia ya kukimbilia bondeni, kila shimo linakamata ya kwake, udongo unatulia humo humo, na magugu ukiyapalilia unayatupia shimoni yakawe mbolea. Ukisimama mlima wa pili ukaangalia ni kama sega la nyuki limetandazwa kilimani.

Sasa kwa nini halimo kitabuni. Kuna mlinganyo unafundishwa vyuo vingi vya kilimo na uhandisi wa maji, unaitwa mlinganyo wa jumla wa upotevu wa udongo, wa Wischmeier na Smith, toleo moja 1965 lingine 1978. Kazi safi sana, sina ugomvi nayo. Ila vipimo vyake vimetoka mashamba ya majaribio ya Marekani, mashariki ya Rocky Mountains, kwenye miteremko ya asilimia 3 mpaka 18 hivi. Umeona hilo neno jumla? Jumla ya wapi, kibuyu chako hakikuhesabiwa. Kijana akiingiza shamba lako kwenye ule mlinganyo namba itatoka, namba huwa haikosi kutoka, ila kwenye majedwali yake ya njia za kuhifadhi udongo ngoro hazina hata mstari wao.

Watu wamekuja kuzisoma lakini, SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, pamoja na Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya utafiti huko kwenu miaka ya 1990, kwa hiyo mwambie kijana vitabu vipo, avitafute. Na mwambie habari ya Uluguru, mkoloni alilazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi milimani, amri na faini, 1955 watu wakakinukisha mradi ukafa. Ngoro zimedumu vizazi na vizazi bila bwana shamba mwenye fimbo.

Ila nisiwe kama wale wanaosifia cha babu bila kukishika. Mama unajua kuliko mimi nani anachimba yale mashimo, wanaume wanafyeka na kupanga majani halafu jembe linabaki kwa wanawake, migongo inakwisha. Hapo kijana ana kazi ya kisomi kabisa, atafute namna ya kupunguza ile kazi bila kuua shimo. Na kabla hajabishana tena, achomeke vijiti vyenye alama za sentimita, vitano kwenye ngoro vitano kwenye matuta ya jirani, aandike udongo umeshuka kiasi gani kila baada ya mvua kubwa. Akirudi chuo awe na daftari.

*Kamwene Mwalimu! Nafundisha bailojia sekondari huku Iringa. Somo la uchachu tunafundisha kwa bia na jibini, jibini yenyewe nusu ya darasa hawajawahi kuila. Kuna mfano wa huku unaoweza kusimama kwenye silabasi ya chuo, sio wa kuwafurahisha watalii tu?*
Tisha, Iringa

Kamwene. Ulanzi, na umenichekesha maana unaishi nao. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, unavalishwa mbeta, kile kikombe cha mwanzi cha kukingia utomvu, asubuhi na jioni mgemaji anakata tena kipande chembamba utomvu uendelee kudondoka. Ukinywa mapema ni mtogwa, mtamu mpaka mtoto anapewa, ukiulaza unakuwa mkangafu na hapo hesabu ya kurudi nyumbani inabadilika. Hakuna aliyetia hamira, imetoka wapi? Kwenye mbeta ya jana, kwenye hewa, kwenye ganda la mwanzi? Hilo ni swali la maabara la mwaka wa pili zima, una pH, una sukari, una hadubini, na kila mwanafunzi ana shangazi wa kumuuliza. Wa metali wapeleke Ufipa kwenye malungu, yale matanuru marefu kuliko mtu yaliyoyeyusha chuma yakivuta hewa yenyewe bila mivuo, wahesabu jinsi hewa ilivyopanda. Wa anga wako Mbozi, kimondo cha tani kama 16, chuma asilimia 90, vitabu vinasema kiligunduliwa 1930, wenyeji walikuwa wanapita hapo siku zote wanakiona.

Tuma vipimo vya ulanzi nivichapishe, kila masaa mawili kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sampuli zibaki maabara, na ya jioni funga kabati.