Maswali na Majibu: Mtaa Unapofungwa kwa Majaribio

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wa London ambao mitaa yao imezuiwa kwa masanduku ya maua, nguzo au kamera ili magari yasiyo na shughuli humo yasipite, na halmashauri zikawaambia kwamba hayo ni majaribio. Moja imetoka Dar es Salaam, nami nimeiweka mwisho.

Swali: Nimeletewa faini kwa kupita njia ninayoipita miaka yote, na kibao sikukiona. Nifanyeje? (Msomaji, Streatham)

Jibu: Swali hili huletwa kila mara, na jibu lake limo katika barua ile ile ya faini ambayo wengi hawaisomi hadi mwisho. Ukilipa ndani ya siku 14 utalipa nusu. Ukitaka kupinga, iandikie halmashauri ndani ya siku 28, na ikikukatalia, kata rufaa kwa mwamuzi huru bila malipo. Kusema tu kwamba hukukiona kibao hakutakusaidia. Rudi mahali pale upige picha. Kikiwa kimefunikwa na matawi una hoja, na kikiwa wazi lipa nusu mapema.

Swali: Halmashauri imefunga mtaa kwanza, ndipo ikatuomba maoni. Je, sheria inaruhusu? (Msomaji, Hackney)

Jibu: Inaruhusu. Sheria ya mwaka 1984 ya udhibiti wa barabara inaipa halmashauri uwezo wa kutoa amri ya majaribio isiyozidi miezi 18, na kipindi hicho cha majaribio ndicho pia cha kukusanya maoni. Pingamizi hupokelewa katika miezi 6 ya kwanza, kwa hiyo anayesubiri hadi mwezi wa tisa wa majaribio ndipo aandike kwa hasira amekwisha kuchelewa. Hata hivyo, ruhusa ya kujaribu haimaanishi ruhusa ya kutosikiliza: Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba halmashauri ya Lambeth ilikiuka sheria katika mpango wa kufunga mitaa ya West Dulwich, kwa kuwa haikuzingatia ipasavyo hoja ambazo wakazi walikuwa wameiwasilishia.

Wewe umeuliza kuhusu maoni, lakini kwangu jambo zito zaidi ni vipimo. Mei 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 250 za dharura kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, halmashauri zikatakiwa kuzitumia upesi, na mitaa mingi ikafungwa wakati ambapo watu walikuwa majumbani kwa sababu ya korona. Magari yalikuwa machache kila mahali, na hesabu ya siku za kawaida ya kulinganishia haikupatikana. Jambo ambalo halikupimwa kabla ya kuanza haliwezi kuitwa majaribio, hata likipewa jina hilo katika amri. Ukisikia kwamba mtaa wako utafungwa, toka nje utafute mirija miwili myeusi ya mpira iliyolazwa kukatiza barabara, ikiwa imeunganishwa na kijisanduku cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya taa. Hicho ndicho chombo cha kuhesabia magari. Ukikikuta mtaani na usikikute kwenye barabara kuu inayopakana nao, mwandikie diwani wako siku hiyo hiyo, udai magari ya huko nayo yahesabiwe.

Swali: Tunaishi ghorofani juu ya maduka, kando ya barabara kuu. Mitaa ya nyuma imetulia, lakini foleni yote imehamia kwetu. Nani anatufikiria? (Msomaji, Walthamstow)

Jibu: Ndugu yangu, malalamiko yako ni ya haki. Walthamstow palijaribiwa mwaka 2014 na mpango ukawa wa kudumu mwaka uliofuata. Ndani ya eneo lililozuiwa magari yalipungua kwa takriban asilimia 44, na mimi nauunga mkono mpango huo. Lakini hesabu ya ndani peke yake haitoshi, kwa sababu kando ya barabara kuu ndiko waliko wapangaji wa vyumba vya juu ya maduka, wasafiri wa basi na wauza maduka. Huko Streatham Wells mpango ulianza Oktoba 2023 ukasimamishwa Machi 2024, baada ya mabasi kukwama kiasi kwamba safari isiyofika kilomita tano iliweza kuchukua saa mbili. Ningependa kila amri ya majaribio itaje tangu siku ya kwanza kiwango cha ucheleweshaji wa mabasi ambacho kikifikiwa mpango utasimama. Wewe andika muda wa basi lako kila asubuhi, uupeleke kama pingamizi kabla ya miezi 6 kwisha.

Swali: Je, gari la wagonjwa litapita? (Msomaji, Ealing)

Jibu: Likikuta kamera litapita, likikuta nguzo litahitaji ufunguo au kuzunguka. Dai kamera.

Swali: Tukiyasogeza masanduku usiku, nani atajua? (Msomaji, hakutaja mtaa)

Jibu: Ni kosa la jinai, na mnahatarisha maisha ya waendesha baiskeli. Msiniandikie tena kuhusu hili.

Swali: Huku Mikocheni magari yanayokwepa foleni yanapita mtaani kwetu kwa kasi. Tumechanga fedha tujenge matuta na geti. Unatushauri nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Msijenge kwanza. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye apeleke ombi lenu huko. Tuta la zege lililojengwa bila vipimo wala rangi humwangusha wa bodaboda usiku, na geti lililofungwa humzuia hata mwenye mkokoteni na gari la zimamoto. Ombeni kizuizi cha muda chenye nafasi ya kupitisha bajaji na pikipiki lakini si gari, kwa sababu majirani wengi hushuka kwenye daladala wakamalizia safari kwa bajaji. Hesabuni magari kabla na baada, siku za shule, mtaani kwenu na kwenye mtaa wa pili, kwa kuwa nao wana watoto. Na msianze wakati wa masika, maana maji yakifunga njia nyingine hamtajua kilichobadilika kimesababishwa na nini.