Funguo za hifadhi ya data: ziweke nje ya mradi, na usiweke default

Nikipewa programu ya mtu niipitie, natafuta kwanza nywila iliyoandikwa ndani yake. Mara nyingi naipata. Funguo za hifadhi ya data mahali pake ni faili la mipangilio lililo kwenye folda yako ya nyumbani, mbali na folda ya mradi. Wengine hutegemea .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inaambiwa iyaruke. Sawa, mpaka siku mtu atakapolinakili faili kwa jina jingine. Git ikishalimeza, kulifuta hakusaidii, kwa kuwa limebaki kwenye historia. Ufunguo huo ubatilishe, utoe mpya.

Kwa Amazon S3, huduma ya AWS (wingu la Amazon) ya kuhifadhi data, faili lenyewe ni ~/.aws/credentials; alama ~ ni folda yako ya nyumbani. Jina la profaili, yaani seti moja ya funguo, linakaa ndani ya mabano ya mraba, na chini yake aws_access_key_id na aws_secret_access_key. Maelekezo mengi yanakuanzishia profaili iitwayo default, inayotumika usipotaja nyingine. Mimi siiweki kabisa. Nina ya majaribio na ya kazi halisi, na kila amri lazima itaje mojawapo: --profile majaribio. Inachosha, sikatai. Lakini nikisahau kuitaja, amri ya kufuta inagoma, haiendi kugusa data za wateja. Ila angalia: kama AWS_ACCESS_KEY_ID na mwenzake wa siri viliwekwa kwenye terminali kama vigeu vya mazingira, amri isiyotaja profaili itavitumia bila kukuuliza. Ukiwa na shaka, aws sts get-caller-identity itakuonyesha unaingia kama nani.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina faili lake, ~/.pgpass, na kila mstari una sehemu tano: seva:5432:hifadhidata:mtumiaji:nywila. Nyota (*) inasimama badala ya chochote katika sehemu nne za mwanzo. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, hivyo ukiweka wa nyota zote nne juu, ya chini yake imeandikwa bure. Nywila ikiwa na alama ya nukta mbili (:) ndani yake, alama hiyo itangulizie mkwaju wa nyuma (\).

Halafu ruhusa. Kwenye Linux na macOS, wengine wakiweza kulisoma faili hilo, PostgreSQL inalipuuza na kuendelea kukuomba nywila. Tiba yake ni chmod 600 ~/.pgpass, inayokuachia wewe peke yako kulisoma na kuliandika. Hata lile la AWS nalifunga hivyohivyo, bila kusubiri kulazimishwa.